Nyoka Wawili, Masanduku Mawili

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare za shule, Kiherehere aliwabadilishia nyoka wake maji. Jina hilo alipewa na bibi yake, na lilimkaa sawasawa. Nyoka hao alikuwa amewachagua mwenyewe kwa shangazi yake, mfugaji wa nyoka wasio na sumu. Mmoja alikuwa ukukwi, mwembamba wa kijani apendaye matawi na unyevu. Mwingine alikuwa wa kahawia, apendaye pakavu na pa kujificha.

"Chukua mmoja," shangazi alimshauri. "Nyoka wawili ni masanduku mawili."

"Nitayatengeneza, shangazi. Niamini."

Mama alikubali shingo upande. "Nikiona hata mmoja anateseka, wote wanarudi walikotoka!"

Sanduku la kwanza lilitoka vizuri: kioo mbele, wavu juu, komeo imara. La pili lilimtoa jasho. Ubao ulipinda, nyundo ikamponda vidole, akakata tamaa. Akawaweka nyoka wote pamoja katika lile la kwanza. Shangazi alipopiga simu kuuliza, alijibu upesi, "Kila mmoja ana nyumba yake."

Haukupita muda, nyoka wa kahawia akaacha kula. Alijikunyata pembeni akitafuta pakavu, lakini mchanga wote wa sandukuni ulikuwa umelowa kwa ajili ya mwenzake. Kiherehere alipomwinua, aliona malengelenge tumboni. Angeweza kunyamaza, maana mama hakuwa na mazoea ya kuchungulia nyoka. Hata hivyo, Kiherehere alimfuata jikoni.

"Mama, wa kahawia anaumwa. Kosa ni langu, nilimdanganya shangazi. Lakini tafadhali, usiwarudishe kabla sijamtibu."

Mama alimkazia macho. "Piga simu. Mwambie mwenyewe."

Shangazi alikuja na ndoo yenye mfuniko wa matundu, wakampeleka mgonjwa kwa daktari wa mifugo. Daktari akawapa dawa ya kupaka. "Akikaa pakavu atapona," alisema. "Akirudi kwenye unyevu, mtampoteza."

Kiherehere alizirudia mbao zake. Ule ubao uliopinda aliutupa, akaomba mwingine kwa seremala jirani. Seremala akataka kumsaidia kupigilia misumari.

"Nionyeshe tu namna ya kushika nyundo, fundi. Misumari nitaipiga mwenyewe."

"Haya, viombee dua vidole vyako!" seremala alicheka.

Alikosea, akang'oa, akapiga tena, mpaka sanduku likasimama. Ndani lilikuwa kavu, lina gome la mti la kujifichia na taa ya joto upande mmoja.

Malengelenge yakakauka. Siku nyoka wa kahawia alipommeza panya, Kiherehere alipiga kelele za furaha hadi bibi akaangusha ufagio.

"Basi, watabaki," mama alisema.

Shangazi alimshika Kiherehere begani. "Mnyama hana mdomo wa kusema anapoumia, mwanangu. Wewe unayemfuga ndiye mdomo wake. Sanduku likiharibika, tunatengeneza jingine. Lakini kama ungeendelea kudanganya, leo tungekuwa tunamzika."