Anjera ya Ayeeyo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Idman alimpelekea nyanya yake, ambaye nyumbani wote walimwita Ayeeyo, anjera, mkate laini wa Kisomali, iliyopakwa samli, na kikombe cha chai. Baadaye alirudisha sahani tupu jikoni, na mama yake, Fosia, akauliza, "Mashallah! Amekula yote?"

"Yote, hooyo," alijibu Idman, akimwita mama kwa Kisomali.

Uongo mtupu. Anjera ilikuwa tumboni mwa Idman. Ayeeyo alipoanza kukataa chakula, mama alikuwa akilia kila alipoiona sahani imejaa, na Idman hakuweza kuyastahimili machozi yale. Alianza kwa tonge moja, mwisho akawa anamaliza sahani nzima. Mjukuu akanenepa, nyanya akakonda.

Ayeeyo alikuwa na ugonjwa wa kusahau. Zamani aliuza maziwa ya ngamia sokoni Garissa, na hakuna aliyemshinda kufukiza vibuyu kwa moshi ili maziwa yanukie. Lakini siku moja alisahau makaa, mkeka ukashika moto, na mama akavificha vibuyu vyote. Tangu hapo Ayeeyo alikaa akiutazama ukuta. Majirani walisema ni uzee tu.

Siku ya kliniki, Daktari Salat aliketi karibu na mgonjwa wake.

"Ayeeyo, unalala vizuri?"

"Alhamdulillahi."

"Chakula je?"

"Alhamdulillahi."

"Moyo wako una huzuni?"

"Alhamdulillahi."

Daktari alitabasamu. "Kwetu hata mwenye jino bovu hujibu hivyo," alisema, kisha akamgeukia Fosia. "Na anayesahau huenda asikumbuke kwamba jana alilia. Ndiyo maana nawauliza pia mnaoishi naye. Anakula?"

"Anakula sana, daktari. Sahani hurudi tupu."

"Mbona mizani inasema amepungua?"

Idman aliutazama mkono wa Ayeeyo. Bangili iliyokuwa ikimbana sasa iliteleza hadi kwenye kiwiko. Aliogopa kugombezwa, lakini hofu ya kumpoteza Ayeeyo ilikuwa kubwa zaidi.

"Ni mimi niliyekuwa nakula," alisema, machozi yakimtoka. "Yeye hataki. Na akisikia wauza maziwa wakipita, hulia kimyakimya."

Mama aliugeukia mkono wa Ayeeyo, akaishika ile bangili iliyolegea.

"Ahsante, Idman," alisema daktari. "Hiyo si kusahau peke yake. Ni sonona, ugonjwa wa huzuni, nao unatibika. Nitamfuatilia, na dawa ikihitajika nitampa. Nyinyi mrudishieni kazi aliyoipenda, mkiwa kando yake."

Jioni hiyo vibuyu vilitoka mafichoni. Mama alishika makaa mwenyewe. Ayeeyo alinusa kibuyu cha kwanza, akakunja pua.

"Hiki hakijapata moshi! Nani alikufundisha?"

"Wewe, mama," Fosia alijibu, akicheka na kulia pamoja.

Wiki chache zilipita. Asubuhi moja Idman alirudisha sahani jikoni. "Amekula nusu, hooyo."

Mama aliipokea, akamvuta binti yake karibu. "Mficha maradhi, kifo humuumbua, mwanangu. Ulinidanganya kwa kunipenda, lakini nusura tumpoteze. Nusu hii ya kweli inanishibisha kuliko sahani zote tupu ulizoniletea."

Kutoka uani, Ayeeyo alipaza sauti kwamba makaa ya kufukizia vibuyu yanapoa.