Fundo la Darasa la Kwanza

Mastura ni mtoto wa dada yangu wa tumbo moja, kazaliwa Makorora, kakulia mgongoni kwangu, kwa hiyo haya sikuyaokota barazani. Tanga nzima wananijua, na hakuna aliyewahi kunikuta na uongo.

Mwaka jana chuo kilimpeleka kwenye mazoezi ya kufundisha, wiki nane, kijiji kimoja cha kule mbele ya Mkwaja. Shule iko juu ya kilima. Bahari unaiona chini huko, lakini kuifikia ni nusu saa ya miguu, tena miguu ya mwenyeji. Akapewa darasa la kwanza. Watoto mia na thelathini, na hapo sijawahesabu waliokaa madirishani.

Siku ya kwanza ilikwenda kama siku zote za shule. Walimwamkia kwa pamoja mpaka bati likatetema. Huyu kaja na kuku kwapani, mama kamwambia asimwache nyumbani. Yule jino linaning'inia, anataka madamu alivute. Sadalla kala chaki. Malak kajikojolea, anamsingizia jirani. Mastura akawafuta kamasi, akachonga penseli mpaka kidole kikatoka lengelenge, akawaimbisha a, e, i, o, u kwa makofi, na alipowatoa uani kuandika herufi mchangani akajiona kazi ile kaumbiwa yeye. Mchana akanipigia simu, anacheka.

Ambaye hakuchekesha ni mwenye darasa, Mwalimu Uweso. Mtu mrefu kama mnazi wa mpakani, shati limenyooshwa likanyooka, mkono wa kulia siku zote umo mfukoni. Anakaa kwenye kiti chake mlangoni, anachezea simu kwa mkono wa kushoto, hafundishi hata irabu. Siku ya pili alimwita Mastura, akamtupia kipande cha tyubu ya baiskeli.

"Yule wa pembeni, Zuleha, anaandika kwa mashoto," akasema. "Mfunge."

Mastura akaiokota, akauliza amfunge nini. Uweso akamweleza polepole, kama anayemweleza mtoto. Mkono wa kushoto unapelekwa nyuma, unafungwa kwenye mkanda wa sketi, unabaki hapo tangu namba ya asubuhi mpaka kengele ya kutoka. Mwezi haupiti, mtoto anakuwa mtu. Mastura akasema chuoni hawakufundishwa hivyo. Uweso akasema chuo hakiishi kijijini, na fomu ya tathmini anaijaza yeye.

"Binti wa mjini, kihurumie cheti chako kwanza."

Akamfunga. Ni damu yangu lakini simfichi, alimfunga. Alilegeza fundo, alimwomba radhi sikioni, lakini alimfunga, na kesho yake tena, na kesho kutwa tena. Mtoto wa miaka sita, mwembamba kama ufito, anashika penseli kwa mkono usioijua, machozi yanadondokea daftari. Kila Mastura alipokaza kile kipande hasira zilimpanda mpaka masikio yakawa moto. Hasira kwa Uweso, na hasira kwa nafsi yake, hajui zipi kubwa.

Alikwenda kwa mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu akamsikiliza weee, akamwambia wiki nane si nyingi, avumilie. Wakati wa kuagana akampa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umelala juu ya meza kama samaki aliyesahauliwa juani.

"Kiharusi," akasema, akaangalia pembeni.

Akaenda kwa bibi yake Zuleha, ndiye anayemlea. Alitegemea atapata mwenzake wa kulia naye. Yule bibi akamwambia Mwalimu Uweso kasema kweli, mtoto anayepeleka mashoto kwenye sinia la watu atawaaibisha mpaka siku ya harusi yake. Mtu mzima, tasbihi mkononi, anamwambia, "Funga mwalimu, tena kaza." Mastura aliondoka pale bila kuaga, na huyo mtoto nilimlea kwa adabu.

Ijumaa ya wiki ya tatu, kengele ya kutoka ilipogongwa, akamfungua Zuleha kama kawaida. Ile tyubu ilikuwa imelowa.

Ilikuwa kiangazi. Kisima cha shule kilikuwa kimekauka, hata uji ulipikwa kwa maji ya kubebwa kichwani kutoka bondeni. Akainusa. Akaitia ulimi.

Maji ya bahari.

Jumatatu yake akamkuta Zuleha kajibana mwisho wa benchi. Benchi lile wanakaa watoto sita wamesongamana kama dagaa, lakini siku hiyo walikuwa watano, na pembeni mwa Zuleha pamebaki wazi. Mastura akamwambia asogee mwenzake apate kukaa.

"Kakaa, madamu."

"Nani?"

Zuleha akamvuta gauni, akamnong'oneza. "Sele. Kafungwa kuliko mimi. Anasema tusifungue. Tutachapwa."

Mastura akachukua daftari la mahudhurio, akapita majina yote mia na thelathini kwa kidole. Hakuna Sele. Akarudi kwenye benchi. Pale palipoachwa wazi, ubao ulikuwa mweusi kwa unyevu, duara mbili ndogo, kama walivyokaa watoto wakitoka kuogelea.

Jikoni mwa shule alikuwamo Bi Sabiha, mpishi wa uji, mama asiye na maneno mengi. Mastura akamwamkia shikamoo, akaitikiwa. Akauliza, Sele ni nani?

Bi Sabiha hakuacha kukoroga. Alisema na sufuria, hakumtazama. Sele alikuwa kitinda mimba wake. Mtu wa mashoto. Miaka minne nyuma, siku ya Ijumaa, Uweso alimfunga kwa mikono yake mwenyewe, akawahi msikitini, akasahau kumfungua. Alimwachia neno tu, kwamba atakayefungua fundo hilo atamchuna ngozi. Sele hakupita nyumbani. Alifuatana na wenzake mpaka miambani kuokota chaza, maji yamekupwa. Alasiri maji yakajaa, yale ya bamvua, yanakuja mbio. Wenzake wakaogelea. Yeye akapiga mkono mmoja. Walimwokota asubuhi, fundo liko vile vile.

Fundo ambalo angelivuta kwa vidole viwili likafunguka. Mtoto wa miaka saba, kaiogopa fimbo kuliko bahari. Mimi nikifika hapa hata leo nataka kupiga mtu.

Walimu wote waliapa kwamba Sele alitoka shule mikono miwili. Kijiji kikajua, kikameza. Bi Sabiha hakuwa na pa kwenda, akapeleka ubani kwa mashehe wakamsomea halbadiri, kile kisomo cha kumshitaki kwa Mungu mtu uliyeshindwa kumshitaki kwa binadamu. Hakutaja jina. Alisema aliyefunga, na anayefunga, na kila aliyejua akanyamaza, mkono wake wa kulia umkatae.

"Unaona wanavyoificha mikono," akasema. "Uweso hawezi tena kufunga hata kamba ya kiatu. Ndiyo kila mwaka anaomba mwalimu wa mazoezi."

Mastura akauliza kwa sauti ya chini, linafunguliwaje jambo kama hilo.

"Kwa kusema. Mbele za watu, si kuninong'oneza mimi jikoni." Hapo ndipo akamtazama. "Wamekuja watatu kuniuliza, mwanangu. Wewe wa nne. Wote walipata cheti."

Kisha akamwambia jambo moja la mwisho. Ijumaa inayokuja ni bamvua tena, na Sele hajawahi kukaa benchi moja na mtoto yeyote, ila huyu.

Sasa mtu mwenye akili angesema, basi, asimfunge tena. Mastura naye alisema hivyo, usiku kucha. Lakini Ijumaa ile akaja mkufunzi kutoka chuoni, Mwalimu Ernesti, na faili kubwa kama mlango, kuja kumpima. Uweso akamsubiri Mastura barazani na fomu imekunjwa. Akamwambia kwamba mkufunzi anataka kuona darasa lenye nidhamu, na yeye hatii saini kwenye darasa lenye mtoto wa mashoto. Miaka miwili ya chuo. Dada yangu kauza cherehani kwa ajili ya chuo kile.

Saa moja tu, Mastura akajidanganya. Somo likiisha namfungua.

Akamfunga.

Somo lilikuwa la kuhesabu. Vizibo vya soda vimetandazwa sakafuni, kila mtoto na vyake. Mkufunzi kakaa nyuma, anaandika. Uweso mlangoni, kwenye kiti chake. Kule chini bahari ilikuwa imekupwa, miamba iko nje, mchanga mtupu mpaka macho yanapoishia. Saa nne ya asubuhi, jua kali.

"Moja," watoto wakasema. "Mbili. Tatu."

Zuleha akakohoa.

"Nne. Tano."

Akakohoa tena. Maji yakamtoka puani. Nywele zake zikalala, zimelowa chepechepe, zinadondosha. Midomo ikawa ya kijivu. Benchi kavu. Sakafu kavu, vumbi linaonekana.

Mtoto mmoja akaacha kuhesabu. Kisha wote.

Vizibo vilikuwa vinaelea.

Mamia kwa mamia, vimenyanyuka kutoka sakafuni, vimetulia hewani usawa wa magoti ya Mastura, vinapanda na kushuka polepole. Chini yake hakuna kitu. Akapita katikati yake akahisi baridi inamkata miguuni. Vikapanda. Usawa wa mapaja. Usawa wa kiuno. Usawa wa shingo ya mtoto aliyekaa.

Akamdaka Zuleha. Akalishika fundo. Fundo lile lile alilolilegeza kwa makusudi, sasa limekaza kama chuma. Akavuta. Kidole gumba kikafa ganzi. Akavuta. Cha pili. Cha tatu. Mkono wa kulia unamtoka, anauona na hausikii. Na pale kwenye fundo kulikuwa na vidole vingine. Vidogo. Vya baridi. Havifungui. Vinakaza.

"Muache," Uweso akasema kutoka mlangoni, taratibu kabisa. "Anaigiza huyo. Ukimfungua mbele ya mkufunzi umejimaliza."

Macho ya Zuleha yalikuwa yameanza kugeuka.

Hapo ndipo zile hasira za wiki nne zilipopata mlango. Mastura hakupiga kelele. Aligeuka akamtazama mkufunzi, akasema maneno yakasikika mpaka jikoni.

"Uweso alimfunga Sele mkono, Sele akazama. Mwalimu mkuu alijua. Kijiji kinajua. Na mimi Mastura nimemfunga huyu siku kumi na tisa, kwa ajili ya fomu."

Kisha akainama pale benchini palipokuwa wazi.

"Sele, baba, fungua. Hakuna atakayekuchapa. Akikugusa mtu ataanza na mimi."



Fundo likalegea. Vizibo vikaanguka vyote kwa mpigo mmoja, kama mvua ya mawe. Zuleha akatapika maji, bakuli zima, na mchanga, na jani la mwani, akaanza kulia. Kilio kile Mastura anasema hajasikia adhana tamu kuliko hicho. Mlangoni alikuwa kasimama Bi Sabiha, mwiko mkononi, uji unamdondoka, anatazama ile nafasi ya benchi. Ubao ulikuwa unakauka mbele ya macho yake, duara moja, kisha ya pili.

Unadhani basi walimfunga Uweso pingu? Thubutu. Mwalimu Ernesti aliandika kwamba mwanafunzi ameshindwa kumudu darasa na anatoa maneno yasiyo ya kitaaluma. Mwanangu akarudi Makorora bila cheti. Mkono wake ulimrudia wiki ile ile, wote, anaufanyia kila kitu, na sasa anafundisha watoto kusoma kwenye ua wa jirani huko Mabawa, wa kulia na wa kushoto wamechanganyika. Zuleha hakufungwa tena, maana Mastura alikwenda mwenyewe kwa yule bibi, na walichosemezana sikuambiwa, ila bibi ndiye anayemsindikiza shule siku hizi na anakaa dirishani mpaka kengele.

Uweso walimhamisha. Ndiyo adhabu yao hiyo, kuhamishwa. Wamempeleka milimani kwa Wasambaa, mahali bahari wanaisikia redioni, na akapewa darasa la kwanza tena. Muhula haujafika nusu ameshaomba mwalimu wa mazoezi.

Lakini nina mtu wangu anapeleka nguo kule gulioni, Suleimani, mtu mzito wa maneno, haongezi. Kaingia kwenye darasa lile kwa miguu yake. Anasema ukutani, nyuma ya kiti cha Uweso, umetokea mstari mweupe wa chumvi, umelala sawasawa kama umepigwa kwa rula. Upana wa mabega yake tu, kwingine ukuta mkavu. Walipaka rangi, ukatokeza juu ya rangi. Uweso akahamishia kiti ukuta wa pili, mstari ukahamia huko. Mara ya kwanza ulikuwa usawa wa vifundo vya miguu. Kila Ijumaa unapanda kidogo.

Ijumaa iliyopita Suleimani alimkuta kakaa pale, kanyanyua kidevu juu, kama mtu anayetafuta hewa.