Turbo Inavuja, Bahari Inajaa

Kitu kilipasuka chini ya boneti, na pikapu ikakosa nguvu papo hapo. Sidati alikanyaga mafuta mpaka mwisho. Moshi mweusi ulimwagika nyuma, lakini gari lilijikokota tu, likazama kwenye mchanga laini na kusimama. Kushoto kwao kulikuwa na vilima vya mchanga. Kulia, Atlantiki, nayo ilikuwa imeanza kupanda.

"Nilisema tungoje maji yapwe tena," Sidati alisema akishuka.

"Ungengoja na mguu wake?" Mahjuba akamjibu kutoka nyuma.

Mumewe, Mbarek, alikuwa amelala juu ya nyavu kwenye bodi la pikapu. Asubuhi, akiwazungushia samaki wavu, alikanyaga nyenga, samaki bapa mwenye mwiba wa sumu mkiani, na mwiba ukamvunjikia juu ya kisigino. Sasa mguu ulikuwa umevimba hadi gotini na alitetemeka kwa homa juani. Kijijini kwao Nuamghar hakukuwa na daktari, na njia ya kwenda mjini Nuakshoti ilikuwa ufuko wenyewe, ule utepe wa mchanga mgumu unaobaki maji yakipwa. Sidati alikataa kuondoka wakati ule, hadi Mahjuba alipomwambia mbele ya watu kwamba kumbe gari lake ni la kupigia picha.

Alifungua boneti. Hosi nene inayopeleka hewa ya turbo kwenye injini ilikuwa imechomoka. Aliirudisha huku ikimbabua vidole, akakaza klipu, akawasha. Gari lilisogea kidogo, likatema moshi uleule, likakwama.

"Bado inavuja mahali," alisema. "Mafuta yanaingia, hewa ya kuyachoma inatorokea njiani. Hivi hatupandi hata kichuguu."

Aliinama kusikiliza, lakini kwa kishindo cha mawimbi hakuweza kujua mluzi wa hewa inayovuja ulitoka wapi. Alipapasa hosi upande huu na ule, akakaza klipu ambazo zilikuwa zimekazwa tayari. Wimbi moja likafika kwenye gurudumu la nyuma na kuchota mchanga chini yake.

"Una sabuni?"

"Ya kufulia."

"Nipe, na maji."

"Si hayo, umesimama ndani yake."

"Ya chumvi hayatoi povu. Nataka ya kunywa."

Mahjuba alikishika kiriba kifuani. Maji yaliyobaki hayakufika nusu. "Haya ni ya mgonjwa."

"Mpe," Mbarek alisema bila kufumbua macho. "Nikiyanywa halafu nikazama, si nitakuwa nimeyanywa bure?"

Akampa. Sidati alikoroga povu kwenye bakuli, akamwonyesha pa kupaka, akamwonya kuhusu feni, kisha akaingia kukanyaga mafuta. Injini ilinguruma. Mahjuba alijifunga mtandio kiunoni na kupitisha povu kwenye kila kiungo, mkono mmoja ukitafuta mahali ambapo jicho halifiki.

"Juu hakuna kitu," alisema. "Huku nako hakuna. Ngoja, endelea kukanyaga. Hapa chini povu linavimba, linapasuka, linavimba tena."

Hosi ilikuwa imejisugua kwenye chuma hadi ikachanika kwa chini. Sidati alizima, akakata kipande cha tyubu kuukuu na kukizungushia. Lakini kila alipofunga kamba, fundo liliteleza.

"Nipelekeni hapo," Mbarek alisema.

Walimbeba hadi mbele na kumkalisha kwenye bampa. Maji yalimfika kwenye jeraha, akauma mkono wa kanzu.

"Mnafunga juu ya sabuni," alisema alipopata pumzi. "Ifuteni kwanza."

Kisha akatoa uzi wa nailoni wa wavu wake, akauvuta kwa meno, akauzungusha mzunguko juu ya mzunguko na kufunga fundo analofungia nyavu. Sidati alimshikilia mabegani asianguke. Mwili wa yule mtu ulikuwa wa moto kama injini.

Walipomrudisha nyuma, maji yalikuwa yamefika kwenye milango. Sidati alipunguza upepo wa magurudumu ili yasizame mchangani, akawasha, na safari hii akasikia turbo ikivuta pumzi. Mahjuba alisukuma huku mawimbi yakimpiga mgongoni. Gari liliruka ghafla, likapenya pengo kati ya vilima, na yeye akabaki nyuma majini.

Mbarek alipiga paa la gari kwa ngumi. Sidati hakusimama. Alisimama tu alipogusa mchanga mgumu juu kabisa, akateremka mbio kumtafuta. Alimkuta akipanda kwa mikono na magoti.

"Uliniacha."

"Ningesimama tungezama wote."

Mahjuba akampa mkono amvute.

Walipita nyuma ya vilima, wakiruka na kuserereka, mdomo mkavu, kila mmoja akisikiliza injini. Walipofika Nuakshoti, Sidati alimbeba Mbarek mgongoni hadi ndani ya hospitali, yeye ambaye miaka yote aliwadharau wavuvi na hakuwahi hata kuketi kula nao. Madaktari walitoa mwiba. Mguu ungepona baadaye, ingawa kifundo chake kisingekunjika tena.

Mbarek akiwa bado ndani, Sidati alirudi kuketi garini, injini ikiwa inaunguruma, mkono kwenye ufunguo, kama anayeogopa kwamba ikizimwa haitawaka tena. Muuguzi alitoka akagonga kioo.

"Zima, ndugu yangu. Unawatia wagonjwa moshi."

"Nazima," alisema.

Lakini Mahjuba alipokuja kumwambia kwamba mumewe amelala, injini ilikuwa bado inaunguruma. Aliingiza mkono dirishani, akaufunika mkono wa Sidati, na wakageuza ufunguo pamoja.