Modesta na Jibu la "Nzuri"

Modesta alikuwa anageuza dagaa juu ya nyavu, nyuma ya nyumba yake kando ya ziwa, huku Ilemela. Mumewe, Mashimba, alikuwa fundi mitumbwi. Tangu apate presha, kazi yake ni kukaa mlangoni na kusema.

"Hodi hapa! Shikamoo mama. Shikamoo baba."

"Marahaba. Karibu, mwanangu."

Mgeni alikuwa binti aitwaye Odeta. Alitumwa kupima huduma za zahanati yao. Modesta alimpa kigoda, akampa na uji.

"Mama, mara ya mwisho ulipokwenda zahanati, huduma ilikuwaje?"

"Nzuri."

"Ulisubiri sana?"

"Kidogo tu."

"Na dawa?"

"Zipo. Mambo yote mazuri. Kunywa uji, mwanangu, unapoa."

Kwao Modesta, mgeni hapokelewi kwa malalamiko. Tena Selina, nesi wa pekee pale zahanati, ndiye aliyemzalisha binti yake. Utamsemaje mtu kama huyo? Hata mwaka uliopita watu walikuja kuuliza, na mtaa mzima ulijibu hivyo hivyo.

Mashimba akakohoa. "Dawa zipo? Basi kaniletee. Tangu mwezi uliopita naambiwa zimekwisha, na kichwa kinanigonga kama mvua juu ya bati."

"Mzee huyu! Nani kakuuliza?"

"Hajaniuliza, ndiyo maana najibu."

Odeta alicheka, kisha akauliza, "Mama, ukinunua gunia la dagaa, unaangalia wa juu tu?"

"Nani, mimi? Natia mkono mpaka chini. Juu wanaweka wakavu, chini wamelowa!"

"Na mimi natia mkono chini. Zahanati ina rangi nzuri, nimeiona. Sasa nataka kujua, mgonjwa anasubiri kiasi gani? Anapata dawa? Anaelezwa ugonjwa wake? Anapona? Majibu ya nyumba nyingi yanawekwa pamoja, bila majina. Hapo ndipo wakubwa wanajua zahanati ipi ina upungufu gani. Mkisema yote mazuri, wauguzi na dawa wanapelekwa kwingine."

Modesta alimtazama mumewe. Presha haina mzaha. Jirani yao Masele alikaa bila dawa, akapooza upande mmoja.

"Na Selina, atafukuzwa?"

"Hatumpimi Selina, mama. Tunapima huduma nzima."

Modesta akavuta pumzi. "Haya, anza upya."

Akasema yote. Anafika zahanati alfajiri, anarudi jua la utosi, njaa ikimuuma. Akija mama wa kujifungua, foleni inasimama. Dawa za presha zinakatika kila mara. Na hakuna aliyewahi kumwambia Mashimba kwamba asiache dawa hata akijisikia mzima.

Odeta alipoaga, alimgeukia Mashimba. "Baba, wewe usingoje matokeo. Nenda hospitali ya wilaya leo, upimwe."

Mashimba akaenda, akapewa dawa.

Miezi ilipita. Matokeo yakasomwa kwenye mkutano wa mtaa, na zahanati yao ilishika mkia. Selina akasimama, uso umekaza.

"Nani alisema wagonjwa wanashinda na njaa wakinisubiri?"

Watu wakatazama chini. Modesta angeweza kunyamaza. Akainua mkono.

"Ni mimi, nesi. Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Kila nikiomba muuguzi wa pili naambiwa, wananchi wako wanasema huduma nzuri, msaidizi wa nini? Nimechoka mpaka mifupa. Mbona mlikaa kimya siku zote hizo?"

Kumbe ile "nzuri" ya Modesta ndiyo iliyokuwa inamwumiza Selina.

Kabla ya masika, muuguzi mpya, Obedi, alifika. Sasa dawa za presha zinaagizwa kulingana na idadi ya wagonjwa. Selina naye alipata nafasi ya kukaa na Mashimba, akamweleza: meza dawa kila siku, punguza chumvi, usiache mpaka uambiwe. Presha imetulia. Mashimba amerudi kwenye mitumbwi. Kusema hajaacha.

Juzi Odeta alipita tena.

"Shikamoo mama. Huduma zikoje siku hizi?"

"Nzu..." Modesta akajikamata. "Ngoja kwanza ukae. Choo cha zahanati hakina maji."

"Mwone huyo!" Mashimba akapiga kelele. "Marahaba hajaitikia, keshaleta habari za choo!"