Grisi Kwenye Kiwiko cha Roboti

Fundi alirudi nyumbani amefura. Hakuvua viatu, hakugusa chai. Alimwambia mkewe kwamba shemeji yake, mdogo wa mke huyo, amemdhalilisha mbele ya karakana nzima.

Shemeji huyo ndiye mkaguzi wa karakana. Pale hutengenezwa mikono ya roboti. Hurushwa angani kukarabati setilaiti zilizoharibika, mahali ambapo ni ghali na hatari kumpeleka mtu. Fundi alikuwa amefunga kiwiko cha mkono mmoja. Alipokigeuza alikiona kikavu, akachovya kidole kwenye grisi na kupaka kiwiko, kama alivyopaka mashine tangu ujana wake. Mkaguzi akaukataa mkono wote. Fundi asipokifunga kiwiko upya inavyotakiwa, kazi ya viungo atapewa mwingine.

"Yule wa kunifundisha mimi grisi?"

"Kamuulize sababu," mkewe alisema. "Chai yangu haijakukosea."

Asubuhi fundi aliingia kazini bila kumsalimu mtu, akadai sababu. Mkaguzi hakubishana naye. Alipaka grisi ileile kwenye kipande cha chuma, akakiweka ndani ya tangi pamoja na kioo safi. Chuma kikapashwa moto, hewa yote ikanyonywa. Siku nzima fundi alipita pale akisonya.

Jioni wakafungua. Kioo kilikuwa na ukungu. Fundi akakigusa. Kikateleza kwa mafuta.

"Hilo ndilo jicho la roboti, shemeji," mkaguzi alisema. "Kule juu hakuna hewa. Grisi hii hutoa mvuke, na mvuke huganda kwenye kamera. Roboti kipofu itashikaje setilaiti? Na nani atapanda na kitambaa kwenda kuifuta?"

"Kwa hiyo kiungo kisagike kwa ukavu?"

Mkaguzi akamweleza kwamba upo utando mkavu wa kulainisha, usiotoa mvuke. Tena huvaliwa glavu, maana hata vidole vina mafuta.

Hasira ya fundi ilikuwa palepale, ila sasa haikuwa na mtu wa kumwangukia. Alifungua kiwiko, akakisafisha mpaka kikang'aa, akakifunga na utando mkavu. Mkono ukaingia tangini. Ulipotoka, kamera yake ilikuwa safi kabisa. Kazi ikabaki yake.

Mkaguzi alikuja kumpongeza. Kwa furaha akanyoosha kidole kuelekea kwenye kiwiko. Fundi akampiga mkaguzi mkononi.

"Umejipaka losheni," alinguruma. "Kavae glavu, shemeji."

Mkaguzi alicheka sana. Fundi hakucheka.