Jina la Sabiri

Kila alasiri Rukaya alipotoka shule, alimkuta bibi yake, Bibi Swaumu, uani akitwanga mahindi na kuimba wimbo uleule:

Sabiri wangu Sabiri, uji umeiva njoo,
Bakuli lako tayari, mwanangu sikia njoo.

Rukaya aliuzoea wimbo huo tangu anabebwa mgongoni. Hakuwahi kuuliza Sabiri ni nani.

Siku moja Mwalimu Serafina aliwasomea habari za utotoni za mshairi mmoja wa Ayalandi. Mshairi huyo alizaliwa kwa wachimba viazi. Shuleni alichapwa kwa kusema lugha ya nyumbani. Ushairi alijifunzia jikoni, kwa nyimbo za mama yake.

"Nanyi andikeni," alisema mwalimu. "Shairi bora litasomwa Korogwe, kwenye mashindano ya shule."

Rukaya alitafuna kalamu mpaka jioni, asipate kitu. Mwishowe akaandika wimbo wa bibi. Ili asishtukiwe, alimwondoa Sabiri akamweka mbuzi.

Siku ya wazazi alisoma kwa madaha: "Mbuzi wangu wa madoa, uji umeiva njoo!" Watu wakacheka na kupiga makofi, naye akatangazwa mshindi. Bibi Swaumu hakucheka. Aliinuka, akajifunga kanga yake, akaenda zake nyumbani.

Alasiri ile mchi ulisikika, wimbo haukusikika. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu chakula kilimshinda Rukaya.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Bibi, Sabiri ni nani?"

Bibi hakuacha kutwanga. "Mwanangu wa kwanza. Mwaka wa njaa nilikwenda Mkata kutafuta unga. Niliporudi nikapika uji, nikamwita. Hakuamka."

Rukaya alilia kwa aibu. Asubuhi alisimama mbele ya darasa. "Shairi lile si langu, ni la bibi yangu. Na yule si mbuzi, ni mtoto wake aliyekufa." Akalisoma upya kwa jina la Sabiri. Hakuna aliyecheka. Safari ya Korogwe akapewa Mathias, mwanafunzi aliyekuwa wa pili.

"Yule wa Ayalandi pia alianza kwa wimbo wa mama yake," alisema Mwalimu Serafina, "lakini chini yake aliandika jina la mama. Neno la mtu si kuni za porini, kwamba ukizikuta unaokota. Ukilichukua, mtaje mwenyewe."

Jioni Rukaya alimpelekea bibi daftari. Bibi Swaumu hakujua kusoma.

"Sabiri yuko wapi hapa?" aliuliza.

Rukaya alimwonyesha. Bibi akaweka kidole juu ya jina lile, akakiacha hapo kwa muda mrefu.

"Andika na umri," alisema. "Alikuwa na miaka mitatu."