Eustaki Hakuhama

Jumanne asubuhi Felisian alirekebisha mstari mmoja wa programu, akaandika sababu ya rekebisho, akahifadhi. Alipofungua historia ya mabadiliko kuhakikisha, chini ya maneno yake mwenyewe palikuwa na jina la Eustaki. Eustaki alikuwa amekufa tangu Kwaresima.

"Kompyuta hizi nazo," alijisemea, akafuta, akaandika upya. Likarudi jina lilelile.

Ofisi yao ilikuwa chumba kimoja mtaa wa Katandala, nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli. Mwaka ule wa 2005 wanunuzi binafsi wa mahindi walikuwa wamejaa Sumbawanga na malori yao, kila mmoja akitaka programu ya kupokelea magunia ghalani. Programu hiyo Eustaki aliiandika peke yake kwa miaka minne, mpaka alipozama ziwani na boti akienda kwao Wampembe. Hapakuwa na mkataba. Yeye na mwenye ofisi walikuwa marafiki, basi. Lakini mfumo uliotunza programu ulikumbuka kila kitu: nani alibadili mstari upi, lini, kwa nini. Scola, mjane wake, hakuwa na ushahidi mwingine duniani kwamba kazi ile ni ya mumewe.

Wiki moja kabla ya Jumanne ile alikuwa amekuja mteja kutoka Dar es Salaam. Alitaka programu nzima pamoja na historia yake, ila ihamishiwe kwenye mfumo mpya. Ili kuhamisha, Felisian alipaswa kuandaa orodha: kushoto jina la kila mwandishi kwenye mfumo wa zamani, kulia jina atakaloitwa kwenye mpya. Kasmir, mwenye ofisi, akasimama nyuma yake.

"Hapo kwa Eustaki, kulia andika lako," Kasmir alisema. "Mteja hanunui kitu ambacho mwenyewe yuko kaburini. Kesho ndugu watajaa hapa."

"Bosi, na Scola je?"

"Scola ana shahidi gani? Andika wewe. Marehemu hasemi."

Felisian akaandika. Na tuseme ukweli, hakusita. Hata alifurahi, alipoiona miaka minne ya akili ya mwenzake ikigeuka kuwa yake kwa dakika ishirini. Wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio. Yeye alipanda na mizigo.

Kesho yake baada ya jina lile kujiandika, Jumatano, ikaja harufu. Mji wa Sumbawanga uko juu, na upepo wa Juni hupasua midomo. Ziwa liko mbali huko chini ya milima. Lakini chumba kilinuka maji ya ziwa, nyavu mbichi na dagaa.

Alhamisi, mchana kweupe, ikaja sauti: kucha ikigonga meza mara mbili, ko, ko, kama Eustaki alivyogonga kila alipotaka kuanza kuandika. Felisian aligeuka, asione mtu, akatazama chini na kuona kwamba kucha ni yake na mkono ni wake, nao uligonga tena bila kumwomba ruhusa, ukaenda kwenye kibodi ukaandika mistari asiyoijua, huku maji baridi yakimtiririka kutoka ndani ya shati mpaka mezani, na kwenye kioo cha kompyuta, chini ya kila mstari, jina la marehemu likijiandika, Eustaki, Eustaki, Eustaki, mpaka akapiga ukelele uliomleta Kasmir mbio.

"Bosi, kuna mtu ndani yangu," Felisian alinong'ona. "Nakuomba, turekebishe ile orodha. Nirudishiwe jina langu."

"Mteja anakuja Jumatatu," Kasmir naye akanong'ona. "Nitakuletea mtaalamu."

Mtaalamu alikuwa Mzee Masunga, Msukuma aliyehamia bonde la Rukwa na ng'ombe wake. Alifika Jumamosi. Mlangoni akamkuta Scola, amejitanda kitenge, amekuja mara ya tano kuulizia haki ya mumewe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ingia ukae, ila kimya."

Akamfunika Felisian kaniki nyeusi, akatia dawa kwenye makaa. "Sharti ni moja," alisema. "Jina la mgonjwa lisitajwe hapa, hata mimi silitaki. Hili jini litajitaja lenyewe, na jina litakalotaja ndilo nitakalolitoa." Kisha akainama. "Wewe uliyekaa humu, ni nani?"

Ko, ko.

"Taja jina!"

Chini ya kaniki ikatoka sauti ya taratibu. "Naitwa Felisian. Mlinipa wenyewe. Limeandikwa."

Kasmir alielewa palepale. Neno moja lingetosha: mzee, hilo ni la mgonjwa. Lakini Scola alikuwa hatua mbili kutoka kwake, na kusema neno hilo ni kuieleza orodha, na kuieleza orodha ni kumrudishia mjane kila kitu mbele ya shahidi. Akatazama sakafu.

"Felisian!" Mzee Masunga alinguruma, akipunga usinga. "Nakutoa! Toka, usirudi!"

"Bosi!" Sauti ilikuwa ya Felisian kabisa, ikakatika katikati. Harufu ya ziwa ikaisha. Mzee akafunua kaniki. Kijana ameketi, mkavu, ametulia.

"Kapona," alisema Mzee Masunga, akaanza kukusanya vitu vyake.

Kijana akamtazama Scola. "Mama Rhoda, si nilikukataza kutoka na baridi hii? Mtoto kikohozi kimeisha?"

Scola aliutazama uso wa mtu aliyemwibia, ukizungumza kwa sauti ya mumewe. Akajifunika kitenge usoni, akakimbia. Jioni mlango wake ukagongwa, ko, ko. Hakufungua. Mpaka leo hugongwa, hafungui, na kule ofisini hakurudi tena kudai chochote.

Jumatatu, kabla mteja hajafika, Kasmir alifungua historia aikague. Juu kabisa palikuwa na rekebisho jipya, ambalo hakuna aliyeliandika, lenye jina la Felisian. Maelezo yake yalikuwa mafupi: Bosi, niko humu. Nitoe.

Kasmir aliyasoma mara mbili. Kisha akayafuta, mteja asije akauliza, akaenda kubandika chai.